Mahali pa asumini patafutwe usiku

Mtu akinunua mche wa asumini huufikisha nyumbani mchana. Anazunguka nao uani akitafuta pahali panapopendeza macho, na mara nyingi anaishia kuupanda kando ya lango, au kwenye ile kona iliyokuwa ikimkera kwa kuwa tupu. Mche unashika. Unatoa majani yanayong'aa, unanenepa, na siku moja unachanua. Lakini unachanua saa moja usiku, lango limeshafungwa, watu wako ndani na upepo unaelekea barabarani. Anayefaidi ni mpita njia. Mwenye mmea anaamka kukuta petali chini, zimeanza kusinyaa, anauliza mbona asumini yake hainukii.

Inanukia sana, tena kila jioni. Yeye tu ndiye hayupo.

Nimekaa na miasumini muda mrefu kiasi cha kuwa na ukaidi wangu, na wa kwanza ni huu: mmea wa harufu ya usiku utafutiwe mahali usiku, kwa pua, kabla jembe halijagusa ardhi. Mche mpya nauacha kwenye mfuko wake wa kitalu mpaka utoe matumba. Matumba yakikaribia kufunguka, naubeba jioni: leo chini ya dirisha la chumbani, kesho pembeni mwa baraza, keshokutwa karibu na kamba ya kuanikia nguo. Kisha nakaa pale ninapokaa siku zote, naendelea na shughuli zangu, nangoja kuona kama harufu itanifuata. Ukifanya hivyo utashangaa. Mara nyingi chungu kilicho hatua mbili kutoka dirishani hakileti kitu, na kilicho mbali upande wa pili kinajaza chumba, kwa sababu upepo wa jioni una njia zake, na siyo zile za mchana.

Kuna sababu ya kimaumbile. Mchana ardhi ikipata moto, hewa hupanda juu na kuvurugika, na harufu yoyote inapotea ndani ya vurugu hiyo. Jua likizama, ardhi hupoa haraka, na hewa iliyo karibu nayo hupoa pia, inakuwa nzito na kutulia. Usiku usio na upepo hewa hiyo hutambaa taratibu kuelekea bondeni, na ukuta au kichaka kinaweza kuizuia na kuigeuza. Harufu husafiri ndani yake kwa mikondo myembamba iliyokatikakatika. Ndiyo maana unainusa, inapotea, halafu inakurudia ghafla ukiwa umeshaisahau. Kama nyumba ina mteremko, weka mmea upande wa juu wa mahali unapokaa. Kama kuna ukuta, uache mmea uwe upande wako wa ukuta. Na kama unapenda kukaa chini, kwenye mkeka au kiti kifupi, usiuinue mmea juu ya stendi eti uonekane vizuri, utaipitisha harufu juu ya kichwa chako.

Shida ni kwamba pua siyo pekee yenye haki hapa. Asumini ninayoizungumzia, Jasminum sambac, asili yake ni kusini mwa Asia, na inapenda jua. Ikipata chini ya saa sita za jua kwa siku itakupa majani mengi na maua machache. Kwa hiyo mahali panapofaa ni pale mahitaji mawili yanapokutana: jua la kutosha mchana na mkondo wa hewa unaokufikia jioni. Usipopapata, tumia chungu. Mimi hata ningekuwa napo bado ningetumia chungu, maana nyumba hubadilika, watu huhamisha viti na madirisha huzibwa, na mti uliokwisha shika ardhi haubebeki.

Sasa ua lenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hawajawahi kutazama kwa karibu.

Tumba la asumini halinukii. Likamue, likwaruze kwa ukucha, utapata harufu ya majani mabichi na basi. Siku moja kabla ya kufunguka huwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na weupe, gumu kidogo, limechongoka. Siku yenyewe, kuanzia mchana, linajaa. Ukijani unaondoka, ngozi yake inakuwa nyeupe kabisa na yenye unyevu kama wa nta. Kwa ndani petali zimefungwa zikipandiana ukingo kwa ukingo. Giza linapoingia ncha inalegea kwanza. Petali ya nje inajitenga, nyingine zinafuata, na kwa muda mfupi ua lote limelala wazi. Ukisogeza pua wakati ncha inalegea utapata uzi mwembamba tu wa harufu. Rudi baada ya chakula cha usiku, utakuta hali nyingine kabisa. Kesho yake mchana ua limechoka, ukingo unapata wekundu wa zambarau, kisha linadondoka lenyewe.

Jambo ambalo wapenzi wa asumini hulitumia, hata wasipojua sababu yake, ni kwamba tumba lililojaa halihitaji mti ili lifunguke. Lichume alasiri likiwa jeupe lakini bado limefunga, liweke kwenye kibakuli chenye maji kidogo, na usiku litafunguka mezani na kutoa harufu yake kamili. Lichume mapema mno, likiwa bado na ukijani, halitafunguka vizuri. Nikichuma, naanza na yale ya juu ya kishada, ambayo mara nyingi hutangulia kukomaa, na kuyaachia yaliyobaki zamu ya kesho.

Kwa nini usiku? Jibu la haraka ni nondo. Maua mengi yenye harufu ya usiku hufanana: ni meupe au ya rangi hafifu, hayana michoro ya kuvutia macho, mrija wake ni mwembamba, na harufu yake ni tamu na nzito. Rangi nyekundu gizani ni hasara tupu, lakini weupe unashika mwanga mdogo uliopo, na harufu inaita kutoka mbali. Hadithi inayosimuliwa zaidi hapa ni ya okidi ya Madagaska, Angraecum sesquipedale, nayo nyeupe na yenye kunukia usiku. Mwaka 1862 mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliandika kwamba mrija wake wa nekta, wenye urefu wa karibu sentimita 30, unamaanisha lazima kuwe na nondo mwenye ulimi wa kufika chini kabisa. Wapo waliobeza. Mwaka 1903, zaidi ya miaka 20 baada ya Darwin kufariki, wataalamu wa wadudu Walter Rothschild na Karl Jordan walimwelezea kisayansi nondo wa Madagaska mwenye ulimi wa namna hiyo.

Asumini yetu ya nyumbani iko kwenye hali ya kuchekesha kidogo. Inaita kila usiku kwa nguvu zote, lakini aina nyingi zinazokuzwa hazizai. Tunda lake lipo, dogo, jeusi lenye uzambarau, ila kuliona kwenye mmea wa nyumbani ni nadra. Mmea umepitia mikono ya watu kwa karne nyingi sana, ukizalishwa kwa matawi badala ya mbegu, na baadhi ya aina zina petali nyingi hadi zimemeza viungo vya uzazi. Nondo anakuja, anaondoka, hakuna kilichozaliwa. Mtu mwenye mkasi ndiye amekuwa mchavushaji wake.

Kuna jibu la pili, ambalo mimi hunivutia zaidi. Mmea una saa ndani yake. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliufungia gizani mmea wa jamii ya kifaurongo, akaona majani yake yanaendelea kufunguka na kujifunga bila kuliona jua. Mwaka 1960 ulichapishwa utafiti juu ya maua ya Cestrum nocturnum, mmea ambao wengi huuita malkia wa usiku, ukionyesha kwamba hata kwenye giza la mfululizo maua yaliendelea na mzunguko wake wa kufunguka na kunukia. Yaani harufu haiwashwi na giza kama taa ya barabarani. Mmea unajua saa ngapi, na jua la kila siku linairekebisha tu saa hiyo isipotee.

Kwa mtu wa nyumbani hili lina maana ndogo lakini ya kweli. Mmea ulio chini ya taa kali inayowaka hadi alfajiri unapewa habari mbili zinazogongana. Na nondo, kama kila mtu alivyoona, wakikuta taa wanaisahau shughuli iliyowaleta. Mimi taa ya nje upande wa asumini naizima. Wageni wakilalamika giza nawaambia wavute pumzi.

Kuna adui mwingine asiyeonekana. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha matokeo kuhusu Oenothera pallida, ua la porini jeupe linalofunguka jioni na kutembelewa na nondo. Walionyesha kwamba kemikali iitwayo redikali ya nitrati, inayotokana na uchafuzi wa hewa, huvunjavunja baadhi ya viambato vya harufu ya ua hilo. Kemikali hiyo huharibiwa na mwanga wa jua, kwa hiyo hujikusanya usiku, saa zile zile ua linapoita. Nondo walipopewa harufu iliyokwisha kuharibiwa namna hiyo, ziara zao zilipungua kwa asilimia 70. Nikisikia mtu anasema asumini za siku hizi hazinukii kama za zamani, zamani nilikuwa nadhani ni mazoea ya kusifu utoto. Sasa nauliza kwanza kama anakaa karibu na barabara kuu.

Halafu kuna pua yenyewe, ambayo haiaminiki. Harufu ya asumini ni mchanganyiko wa vitu vingi. Miongoni mwake linaloli, asetati ya benzili na indoli. Hiyo indoli ndiyo kiungo cha ajabu. Ikikolea peke yake inanuka, na ni miongoni mwa vitu vinavyofanya kinyesi kinuke kinavyonuka. Ikiwa kidogo sana, ndani ya utamu wa vile vingine, inaipa harufu ule uzito wa mwili, ule unaotofautisha asumini hai na manukato ya bei rahisi yanayodai kuwa asumini. Chumba kilichofungwa chenye maua mengi kinaweza pia kukuumiza kichwa. Ukivutiwa na harufu ukaamua kuulaza mmea ndani, fungua dirisha.

Na pua huzoea. Dakika chache tu za kukaa karibu na ua, ubongo unaamua habari hii si mpya na unaacha kuileta. Wengi hapo husema harufu imeisha. Toka nje ya eneo hilo, zunguka nyumba, rudi, utaikuta pale pale. Hii ni sababu nyingine ya kuuweka mmea mahali unapopita badala ya mahali unapoganda: ukingoni mwa njia ya kwenda jikoni, kwenye ngazi, mlangoni pa kuingilia jioni. Utaipata mara kumi kwa usiku mmoja kila ukipita, ilhali anayekaa ubavuni mwake huipata mwanzoni tu.

Utunzaji sasa. Mengi ni ya kawaida nami nitayapita haraka.

Udongo uwe tifutifu wenye mboji, unaopitisha maji, na chungu kiwe na matundu ya kweli. Maji yawe mengi wakati wa joto, lakini acha juu pakauke kabla ya kumwagilia tena. Mizizi iliyolowa wakati wote inaoza, na majani yanakuwa ya njano kana kwamba mmea una kiu, mtu anaongeza maji, mmea unakufa. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani, hilo ni jambo jingine: kwa kawaida mmea umekosa chuma, mara nyingi kwa sababu maji au udongo una chokaa nyingi. Samadi iliyoiva, kidogo kidogo, inatosha. Mbolea yenye naitrojeni nyingi itakupa kichaka kizuri kisicho na ua. Baridi haiwezi: halijoto ikishuka chini ya nyuzi 10 inadumaa, na baridi ya kugandisha inaiua, kwa hiyo penye majira ya baridi huingizwa ndani. Chungu kisizidi sana ukubwa wa mizizi. Asumini iliyobanwa kidogo huchanua kuliko iliyopewa uwanja.

Kinachohitaji maneno zaidi ni kupogoa, maana hapo ndipo watu wanaogopa. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Tawi la zamani lililokwisha toa maua yake halina haraka ya kutoa mengine mpaka likatwe na kuchipua upya. Kwa hiyo mti mrefu uliojaa majani meusi ya kijani na vishada viwili vitatu juu kabisa hauna ugonjwa wowote, umekosa mkasi. Maua ya awamu moja yakiisha, kata kila tawi lililochanua, juu kidogo ya jozi ya majani yenye afya, na matawi makavu au yanayokwaruzana yaondoe kabisa. Wanaolima asumini kwa biashara hupogoa mashamba yao kwa mkupuo na kupunguza maji kwa muda kabla, ili mimea ichipue na kuchanua pamoja. Nyumbani mimi napendelea kinyume chake. Napogoa upande mmoja, nasubiri wiki kadhaa, halafu upande wa pili. Mmea unaonekana wa ovyo, umekaa upogo, lakini una maua kwa kipindi kirefu zaidi. Uzuri wa umbo ni wa mchana, na mchana siuhitaji.

Wadudu wapo. Vidukari na inzi weupe utawaona mwenyewe, na maji ya sabuni kidogo yanawatosha ukiwahi. Utitiri mwekundu ni mdogo mno kuonekana kwa haraka, na hupenda kipindi cha ukavu na joto. Jani linapata madoa madogo ya njano, linapoteza mng'ao. Chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi, ligonge tawi kwa kidole. Vumbi likibaki limetulia, ni vumbi. Vumbi likianza kutembea, una utitiri. Dawa ya kwanza ni maji: nyunyizia kwa nguvu upande wa chini wa majani, rudia baada ya siku chache, na endelea, kwa sababu mayai hayaondoki kwa mara moja.

Anayeniudhi kuliko wote ni nzi mdogo wa matumba, Contarinia maculipennis. Hutaga mayai ndani ya tumba, na funza wake wanakula humo humo. Kwa nje unaona matumba yamevimba vibaya, yamepata rangi ya zambarau au kahawia, yanadondoka kabla ya kufunguka. Mtu anadhani ni jua kali au upungufu wa maji. Lipasue tumba moja kwa ukucha juu ya kiganja, utawaona: weupe au wa njano hafifu, wadogo kama milimita mbili, na wakati mwingine wanaruka kwa kujikunja. Funza hao hushuka udongoni kugeuka kuwa nzi, kwa hiyo kuacha matumba yaliyodondoka chini ya mmea ni kuwaandalia kizazi kijacho. Yaokote yote, yachume na yenye dalili ambayo bado yako juu, yafunge kwenye mfuko na kuyatupa mbali. Usiyatupe kwenye mboji. Ukishika usafi huo bila kukosa, tatizo hupungua sana bila dawa ya sumu. Na dawa ya sumu kwenye ua ambalo kazi yake yote ni kuletwa puani sioni mantiki yake.

Kuhusu aina: zile zinazouzwa sana ni za petali chache, kama 'Maid of Orleans', na zile zilizojaa petali hadi ua linafanana na waridi dogo, kama 'Grand Duke of Tuscany'. Hiyo ya pili watu wanaililia kwa picha. Inakua polepole, matawi yake ni magumu, na ua lake zito likinyeshewa linaoza likiwa bado tawini. Ya petali chache hutoa maua mengi, tena hudondosha yaliyochakaa yenyewe, hujisafisha. Kwa anayeanza, na hata kwa asiyeanza, nachagua hiyo.

Je, lazima iwe asumini? Hapana, ila mingine ina masharti. Malkia wa usiku niliyoitaja ina vijiua vya kijani kilichochanganyika na weupe, visivyo na sura, lakini harufu yake inavuka nyumba kadhaa. Usiiweke dirishani, iweke mbali kabisa. Ni ya familia moja na nyanya na viazi, ina sumu, na ndege hula matunda yake na kusambaza mbegu; Hawaii na New Zealand imeshakuwa gugu vamizi. Jina hilo hilo la malkia watu hulipa pia kakitasi, Epiphyllum oxypetalum, yenye ua kubwa kuliko kiganja linalofunguka usiku mmoja na kufa alfajiri. Hiyo ni ya tukio: unaita watu, mnakaa macho, mnakwenda kulala. Brugmansia yenye maua ya tarumbeta yanayoning'inia inapendeza na inanukia jioni, lakini mmea wote una sumu za skopolamini na atropini, na nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi wanaoonja kila kitu haifai kabisa. Mlangilangi ni mti, utapita paa. Wapo wa kibeti wanaokubali chungu, nao ni bora kwa asiye na nafasi.

Narudi kwenye kuzalisha, kwa sababu mwasumini ukishakolea jirani atauliza. Kata tawi lililoanza kukomaa, si laini la kijani wala gumu la kahawia, urefu wa sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya fundo. Ondoa majani ya chini, yale ya juu yapunguze nusu. Lichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, lifunike kwa mfuko unaopitisha mwanga ili unyevu usitoke, liweke kivulini. Mizizi huja ndani ya mwezi au zaidi kidogo. Kama huna haraka, laza tawi refu kwenye chungu cha pili huku bado limeungana na mama yake, lifukie katikati, liwekee jiwe, na likate likishashika. Hii ya pili haishindwi mara nyingi. Kwa njia yoyote, angalia ncha kabla hujampa mtu tawi: likiwa na matumba yachume yote, hata kama roho inauma, maana tawi lisilo na mizizi likiachiwa ua litamaliza nguvu zake huko. Na umwambie jirani asiupande siku ile ile, aubebe kwanza jioni.